Kusimama na Mwanafunzi Anayesemwa: Amri ya Tano na ya Nane Katika Shule Zetu

1. Utangulizi

Kila mwaka baadhi ya wahitimu wa vyuo vyetu vya theolojia hupangiwa kazi shuleni. Wengine huwa wachungaji wa shule za bweni za Kanisa, wengine hufundisha kipindi cha dini katika shule za Serikali, na wengine huwa walezi wa UKWATA. Huko hukutana na jambo ambalo darasani tulilizungumza kwa nadra sana: mvulana ambaye wenzake wanasema ni shoga, au wasichana wawili ambao bweni zima linasema ni wasagaji. Mchungaji hawezi kulikwepa jambo hili kwa kusema kwamba bado anasoma vitabu. Hana budi kuamua, pengine kabla ya jua kuchwa, kama atasimama pamoja na wanaosema au pamoja na anayesemwa.

Hapa Mtumba, mashariki mwa mji wa Dodoma, jambo hili lina uzito wake. Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa mwezi Aprili 2019, watoto wa watumishi waliotoka kila mkoa huketi dawati moja na watoto wa wakulima na wafugaji wa Kigogo. Wanakuja na malezi mbalimbali, madhehebu mbalimbali na simu za mkononi. Wanasikia mambo ambayo wazazi wao hawakuyasikia katika umri huo. Lakini mtoto akisemwa vibaya, yeye huumia vilevile kama mtoto wa zamani alivyoumia.

Makala hii inakusudia kueleza maana ya kuwa mwandani wa mwanafunzi wa namna hiyo. Neno "mwandani" nalitumia kwa mtu anayekaa karibu na mwenzake wakati wa hatari, akalinda mwili wake, jina lake na nafasi yake ya kusoma. Hoja yangu ni moja. Mjadala wa Kanisa juu ya ndoa ni mjadala halali na utaendelea, lakini mwalimu hahitaji kuusubiri uishe ndipo ajue wajibu wake kwa mwanafunzi aliye mbele yake. Wajibu huo umekwisha kuelezwa katika Katekisimo Ndogo ambayo kila Mkipaimara wetu huikariri.

2. Maneno tunayoyatumia

Yafaa tuanze na maneno, kwa sababu madhara mengi huanza hapo. Neno "shoga" kwa asili ni neno la wanawake wa pwani; mwanamke humwita hivyo rafiki yake mpenzi, na wako akina mama ambao bado wanalitumia kwa maana hiyo njema. Katika uwanja wa shule leo limekuwa jiwe la kumpigia mvulana. Msichana naye huitwa "msagaji" au "jike dume", mara nyingi kwa sababu tu anapenda mpira na hapendi maneno mengi.

Ndani ya maneno haya mambo matatu huchanganywa. La kwanza ni mwenendo wa nje: sauti, mwendo, mavazi, michezo. La pili ni mvuto wa moyo, yaani mtu kujiona anavutwa na watu wa jinsia yake, au na wa jinsia zote mbili. Wako pia wasiojitambua kwa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. La tatu ni tendo. Mwenendo wa nje hauthibitishi mvuto, wala mvuto hauthibitishi tendo. Mwalimu anayeona mwendo wa mvulana na kuhukumu tendo ameruka hatua mbili bila ushahidi.

Hapana budi pia kusema wazi kwamba mvuto huo si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliuondoa katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Kwa hiyo mwanafunzi asipelekwe kwa waganga, wala asizungukwe na kundi la waombaji usiku kucha akikemewa pepo. Maombi ya namna hiyo humfundisha kijana jambo moja tu, kwamba mahali pa sala ni mahali pa kuogopwa.

3. Sheria ya nchi inasema nini

Wengi wetu tunajua sheria kwa kuisikia tu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, baada ya mabadiliko yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinaadhibu kuingiliana kinyume cha maumbile kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Hii ni adhabu nzito sana, na ndiyo sababu neno moja la uvumi laweza kumwangamiza mtu. Hata hivyo kifungu hicho kinazungumzia tendo. Hakuna kifungu kinachofanya mvuto wa moyo, sauti nyembamba au urafiki wa karibu kuwa kosa la jinai.

Upande wa pili ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na wanafunzi wetu wengi wa sekondari wamo humo. Sheria inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, inakataza kumbagua, inakataza kumtesa au kumpa adhabu ya kumdhalilisha, na inasema mtoto asihukumiwe kifungo cha gerezani. Katiba nayo, katika ibara ya 12, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni zinaweka kikomo cha viboko vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kuandikwa katika kitabu. Kumpiga mwanafunzi ofisini ili ataje wenzake hakuna mahali katika kanuni hizo.

Ipo kanuni nyingine ya mwaka 2002, ile ya kufukuza wanafunzi, iliyotaja "kosa dhidi ya maadili" kuwa sababu mojawapo ya kumfukuza mtu shule. Maneno hayo ni mapana, na wasichana waliopata mimba ndio walioumizwa nayo zaidi, hadi tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ilipotangaza kwamba waweza kurudi shuleni. Katika miaka hiyo yote walikuwako walimu na wachungaji waliosema kwamba kumrudisha msichana darasani ni kubariki uzinzi. Leo msichana huyo yumo darasani, na mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa hayakupungua hata nukta moja. Tukumbuke mfano huo tunapofikiri juu ya mwanafunzi anayesemwa.

Jirani zetu nao wamepita katika njia hii. Nchini Kenya, mwishoni mwa mwaka 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, George Magoha, alisema wanafunzi wa namna hii wasikae katika shule za bweni bali wasome shule za kutwa karibu na kwao. Ilikuwa kana kwamba mtoto ni ugonjwa wa kutengwa, na Januari 2022 watu waliandamana Nairobi kupinga kauli hiyo. Nchini Uganda sheria ya mwaka 2023 iliweka hata wajibu wa kutoa taarifa juu ya watu wanaoshukiwa. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ilikifuta kifungu hicho cha kutoa taarifa. Hata mahakama iliyoikubali sheria yenyewe iliona kwamba kumgeuza daktari au mchungaji kuwa mpelelezi ni kuvuka mpaka.

4. Kanisa limesema nini

Wasomaji wetu wanalifahamu Tamko la Dodoma la Januari 2010. Lilitolewa baada ya Kanisa la Kilutheri la Marekani, mwezi Agosti 2009, kufungua mlango kwa wachungaji wanaoishi na wenzi wa jinsia moja, na baada ya Kanisa la Sweden, mwezi Oktoba mwaka huohuo, kuamua kufungisha ndoa za namna hiyo. KKKT lilikataa ndoa hizo, likasema kwamba walio katika ndoa hizo na wanaozitetea hawataalikwa kufanya kazi katika Kanisa letu, na kwamba halitapokea fedha zao. Wapo wanatheolojia wa Kilutheri, nje ya nchi yetu, wanaoyasoma Maandiko kwa namna nyingine, na mabishano hayo hayajaisha.

Lakini tuulize: Tamko hilo lilikuwa juu ya nini? Lilikuwa juu ya ndoa, utumishi na ushirikiano wa makanisa. Mwanafunzi wa miaka 16 anayelia nyuma ya bweni haombi kufungishwa ndoa wala kubarikiwa kuwa mchungaji. Anaomba asipigwe, asitukanwe, asifukuzwe. Anayelitumia Tamko kumjibu mtoto huyo amelitwisha mzigo lisioukusudia.

Ndugu zetu Waanglikana, ambao katika nyanda hizi za kati ni wengi kuliko sisi, wana mfano unaofaa kutazamwa. Azimio la 1.10 la mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998 lilisema kwamba vitendo vya mapenzi ya jinsia moja havipatani na Maandiko. Azimio hilohilo likawaagiza wachungaji kuwahudumia watu wote kwa upole, kuwasikiliza wenye mvuto huo, na kulaani hofu isiyo na sababu juu yao. Maaskofu walioshika msimamo mkali juu ya mafundisho hawakuona kwamba msimamo huo unawapa ruhusa ya ukatili.

5. Amri ya tano na ya nane

Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 hakuishia kwenye makatazo. Katika kila amri alionyesha pia tendo jema linalotakiwa. Amri ya tano inakataza kuua. Luther anaeleza kwamba asiyemsaidia jirani yake katika hatari ya mwili naye ameivunja. Basi kiranja anayepiga ana hatia, na mwalimu anayesikia kilio akaendelea kusahihisha madaftari ana hatia pia. Tena tujue kwamba kijana aliyeaibishwa mbele ya shule nzima huweza kufikiri kujiua. Maneno nayo huua.

Amri ya nane inakataza ushahidi wa uongo. Luther anataka zaidi: tumtetee jirani, tumseme vizuri, na mambo yake tuyachukue kwa upande ulio mwema. Hapa ndipo tunapogongana na mithali yetu wenyewe, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja". Mithali hii ina hekima yake inapomwonya mtu ajitazame. Lakini ikiingia katika kikao cha nidhamu, inageuza uvumi kuwa ushahidi. Mambo ya Walawi 19:16 yanaweka pamoja makosa mawili katika mstari mmoja: kuzunguka na umbeya kati ya watu, na kutojali damu ya jirani. Mwandishi wa zamani alikwisha kuona kwamba la kwanza huzaa la pili.

Taifa letu lilionja jambo hili mwaka 2018. Mwishoni mwa mwezi Oktoba aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi walete majina. Siku chache baadaye Serikali ilisema hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe, si msimamo wa nchi. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuanza kutaja majina ya jirani zao, na jina likishatajwa halirudi.

6. Jinsi uvumi unavyofanya kazi

Tuchukue mfano, ambao si habari ya shule fulani. Mvulana wa Kidato cha Tatu ana sauti nyembamba na rafiki mmoja wa karibu. Kiranja anamwambia mwalimu wa zamu kwamba wawili hao walilala kitanda kimoja, jambo lisilo geni katika mabweni yenye vitanda pungufu. Mwalimu wa zamu anamwambia mwalimu wa nidhamu. Kufikia chakula cha mchana, wapishi wanajua. Jioni mvulana anahojiwa mbele ya walimu wanne na kutakiwa ataje wengine. Anachapwa, na ili fimbo zikome anataja majina matatu yanayomjia kichwani. Sasa watuhumiwa ni watano. Wazazi wanaitwa na kuelezwa "kosa" mbele ya karani. Baba mmoja anaondoka bila mwanawe na kumwambia asikanyage nyumbani.

Tazama yaliyotokea. Hakuna aliyeona tendo lolote. Hakuna aliyeandika ushahidi. Wanafunzi watano wamepoteza jina, na mmoja wao amepoteza shule na nyumba kwa siku moja, akibaki stendi na sanduku lake. Katika kila hatua palikuwa na mtu mzima mmoja ambaye angeweza kusema, "Hili linaishia hapa." Huyo ndiye mwandani ninayemtafuta.

7. Kazi za mwandani

Kwanza, akomeshe matusi. Mwalimu akisikia neno hilo darasani alikataze palepale, kama anavyokataza tusi la kabila au la ulemavu, bila kumtaja wala kumtazama aliyetukanwa.

Pili, asikilize bila kuhoji. Mwanafunzi akija kusema yaliyo moyoni mwake, asiulizwe amefanya nini, na nani, mara ngapi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha XI, linahifadhi maondoleo ya faragha na kusema si lazima dhambi zote zihesabiwe. Kama baba zetu hawakumlazimisha muungamaji kuorodhesha, sisi twapata wapi ruhusa ya kumchunguza mtoto?

Tatu, atunze siri. Asimwambie mkuu wa shule, wala mwenzake wa sala, wala wazazi bila mwanafunzi mwenyewe kukubali. Wako wazazi watakaompokea mtoto wao, na wako watakaomfukuza. Mwanafunzi ndiye anayewajua wake. Asiahidi lakini kutunza siri ya jambo linalohatarisha maisha. Amweleze mtoto mapema kwamba akiwa katika hatari ya kujiua au ya kudhuriwa, msaada utatafutwa, na watautafuta pamoja.

Nne, asimame katika kikao cha nidhamu. Aulize maswali manne: Nani aliona? Aliona nini kwa macho yake? Kanuni gani imevunjwa? Je, adhabu hii ingetolewa kama wangekuwa mvulana na msichana? Maswali haya hayahitaji ujasiri mkubwa, lakini uvumi mwingi hauwezi kuyavuka. Wala asikubali kamwe mwanafunzi apelekwe kupimwa mwili ili "kuthibitisha". Chama cha Madaktari Duniani kililaani vipimo vya lazima vya namna hiyo mwaka 2017.

Tano, asimwache peke yake baada ya kikao. Ale naye meza moja siku watu wote wanapomkwepa. Amwachie kazi yake katika kwaya. Injili ya Luka haifichi kwamba Bwana wetu alinung'unikiwa kwa sababu ya watu aliokula nao.

8. Tofauti na ulawiti

Lipo jambo ambalo mwandani hapaswi kulifunika. Mtu mzima, au mwanafunzi mkubwa, anapomwingilia mtoto kwa nguvu, kwa hila au kwa zawadi, huo ni ulawiti, na ni uhalifu. Hapo taarifa itolewe kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi, na mtoto afikishwe hospitali bila kuchelewa. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ipo kwa ajili ya mambo kama haya.

Lakini tuseme na upande wa pili. Mara nyingi mtoto aliyelawitiwa ndiye anayeitwa shoga na kufukuzwa, huku aliyemtenda akibaki kazini. Shule inayowasaka mashoga huwanyamazisha watoto waliotendwa, kwa maana kila mmoja anajua kwamba akisema, yeye ndiye atakayeitwa jina hilo. Shule ambamo mtoto hatukanwi ndiyo shule ambamo mtoto hutoa taarifa. Kwa hiyo mlinzi wa mwanafunzi anayesemwa ni mlinzi wa watoto wote.

9. Hitimisho

Wanafunzi wangu wa uchungaji huniuliza: "Nikimtetea, si nitahesabiwa kwamba nimekubali?" Huenda ukahesabiwa hivyo. Wapo watakaosema nawe u mmoja wao, na katika nchi yetu usemi huo una gharama. Ndiyo maana nimeonyesha kwamba mwalimu anayemlinda mtoto dhidi ya kipigo na uvumi anatimiza Sheria ya Mtoto na Katekisimo kwa pamoja. Anayo miguu miwili ya kusimamia.

Nashauri basi jambo la kuanzia. Kabla muhula haujafunguliwa, mchungaji wa shule aketi na mkuu wa shule, matroni na patroni, nao wakubaliane mambo matatu kwa maandishi: kwamba hakuna mwanafunzi atakayehojiwa juu ya uvumi mbele ya kundi, kwamba hakuna atakayepigwa ili ataje majina, na kwamba hakuna atakayeondolewa shuleni bila ushahidi wa kosa lililotajwa na kanuni. Kisha wawaeleze viranja siku ya kwanza, wakati bado hakuna jina la mtu lililotajwa. Uvumi ukishaanza kutembea, ni vigumu sana kuwafundisha watu utaratibu.